Shajara ya mradi: karatasi za choo cha mwalo, Februari hadi Julai 2024

Shajara hii inaandikwa na katibu wa kikundi cha wanawake wanaoanika dagaa kwenye mwalo mmoja, yaani mahali pa kushushia samaki ufukweni mwa ziwa, mkoa wa Mwanza. Mkoa una halmashauri nane. Yetu hatuitaji, na kijiji hatukitaji, kwa sababu tunaendelea kuishi hapa na wote waliomo humu tunakutana nao gulioni. Kila hatua ikikamilika naongeza kipande. Gharama zimo. Yaliyokwama yameandikwa kwa urefu kuliko yaliyokwenda vizuri, maana anayetaka kuiga atakwama palepale.

5 Februari 2024: Tunachotafuta

Choo cha mwalo kina matundu manane, manne ya wanawake na manne ya wanaume. Kilijengwa baada ya ziwa kupanda mwaka 2020 na kubomoa kile cha zamani. Anayeingia analipa shilingi 200. Tangu mwaka jana shimo limejaa. Upande wa wanawake umefungwa kufuli, upande wa wanaume hela inaendelea kukusanywa. BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi mwaloni, ukiwauliza wanasema choo ni cha halmashauri. Halmashauri wanasema kilishakabidhiwa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji anasema mambo yote ya mwaloni yako chini ya BMU. Sisi tunaenda vichakani, na kipindi cha giza, mitumbwi ya dagaa inapoingia alfajiri, huko vichakani hakuendeki.

Kikao cha kikundi kimeamua tusigombane na mtu. Tutafute karatasi inayosema choo ni cha nani na hela yake iende wapi. Mweka hazina ameweka ukomo wa shilingi 60,000.

Tumeanza na visivyo na gharama. Ubao wa matangazo wa kijiji una tangazo la chanjo na orodha ya waliochangia madawati. Ubao wa kata una mapato na matumizi ya robo iliyopita, yamefunikwa nusu na karatasi nyingine, na choo hakimo. Tovuti ya halmashauri ndiyo iliyosaidia: upande wa machapisho kuna kitabu cha bajeti cha 2021/22. Humo choo cha mwalo hakipo kwa jina hilo. Kuna mstari wa "Uboreshaji wa miundombinu ya usafi katika mialo", fedha za mapato ya ndani, na kijiji chetu kimetajwa pamoja na kingine kimoja. Mjukuu wa mweka hazina ndiye aliyeupata, kwa kutafuta jina la kijiji ndani ya kitabu kizima. Tumelinakili jina la mradi herufi kwa herufi. Gharama: bando la shilingi 1,000.

19 Februari: Barua ya kwanza

Imeandikwa na kikao kizima, kila mtu akiongeza sentensi yake, ikafika kurasa mbili. Inauliza kwa nini choo hakinyonywi, nani anakula hela, kwa nini wanawake tunadharauliwa, na lini mheshimiwa diwani atakuja kujionea mwenyewe. Maswali yote ni ya haki. Imepitishwa kwa njia tuliyoizoea: kwa Mkurugenzi, kwa kupitia Mtendaji wa Kata, kwa kupitia Mtendaji wa Kijiji. Kuchapa na kurudufu, shilingi 2,500.

12 Machi: Barua ya kwanza imekufa, ya pili imegongwa muhuri

Barua haikuvuka kata. Mtendaji wa kata aliiweka pembeni ili azungumze kwanza na diwani, kwa kuwa humo ndani diwani ametajwa. Kumlaumu sana hatuwezi. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, na mtendaji ni katibu wake. Katibu gani anapeleka mbele karatasi inayomsema mwenyekiti wake?

Tumeamua kwenda wenyewe makao makuu ya halmashauri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, haisemi maombi yapitie kwa mtendaji yeyote. Inasema raia anaandika kwa taasisi yenye taarifa, anaeleza vya kutosha anachotaka, na anajibiwa ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anasema kwa mdomo na afisa anamwandikia. Kumbuka neno raia: mfadhili wetu mmoja kutoka nje alijitolea kutuandikia kwa barua pepe yenye nembo nzuri, tukamshukuru tukamwambia akae. Nimeandika kwa jina langu mwenyewe, nikaambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA, kwa sababu kikundi chetu cheti chake cha usajili bado kinafuatiliwa.

Mama wa masijala, ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, aliisoma rasimu yangu kabla hajaipokea. Bado ilikuwa na harufu ya ile ya kwanza. Akanirudishia.

"Mwanangu, hapa unauliza kwa nini. Mimi humu ndani sina kwa nini. Nina majalada. Niandikie jina la mradi na mwaka wa fedha. Jalada nalitafuta kwa mwaka, silitafuti kwa hasira."

"Shikamoo mama. Basi nikae hapo nje niiandike upya?"

"Marahaba. Kaa hapo, kuna steshenari ng'ambo ya barabara. Na ulete nakala mbili, moja nikugongee uondoke nayo."

Hii ndiyo iliyopokelewa. Anayetaka aichukue kama ilivyo abadilishe majina:

"YAH: MAOMBI YA TAARIFA KWA MUJIBU WA SHERIA YA HAKI YA KUPATA TAARIFA, NA. 6 YA MWAKA 2016. Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa kijiji tajwa hapo juu. Naomba nakala za nyaraka zifuatazo za mradi wa Uboreshaji wa miundombinu ya usafi katika mialo, mwaka wa fedha 2021/22, kwa upande wa kijiji chetu: (a) mchoro na makadirio ya gharama yaliyoidhinishwa, (b) hati ya makabidhiano ya mradi, (c) waraka wowote unaoonyesha nani anakusanya ada ya choo na inaingizwa akaunti gani. Iwapo waraka wowote hauko ofisini kwako, naomba nielekezwe ofisi ulipo. Niko tayari kulipia gharama za kurudufu."

Iko kwa Mkurugenzi Mtendaji, na chini yake nimeandika "Uangalizi: Afisa Habari". Muhuri wa IMEPOKELEWA una tarehe ya leo. Mama wa masijala ameandika juu yake namba ya rejesta ya barua zinazoingia. Namba hiyo ni muhimu kuliko muhuri: ukirudi ukisema "niliileta mwezi uliopita" wanakuangalia, ukitaja namba wanafungua kitabu. Nauli ya kwenda na kurudi 8,000, kuchapa 1,500.

22 Aprili: Jibu limekuja, halifai

Siku ya 30 iliangukia kipindi cha sikukuu ya Idi, kwa hiyo tuliwapa nafasi kidogo. Nilipofuatilia nikaambiwa barua iko kwa mhandisi, kwa mhandisi nikaambiwa imerudi utawala na dokezo. Leo nimekabidhiwa jibu la aya mbili, limesainiwa "Kny. Mkurugenzi", yaani kwa niaba yake. Aya ya kwanza: nyaraka za zabuni ni siri. Aya ya pili: hati nyingine zilizoombwa hazikuonekana.

Mteja wetu mmoja wa dagaa anayetoka upande wa Homa Bay, Kenya, amecheka nilipomsimulia. Kwao kaunti ina siku 21, na ikiomba nyongeza haizidi siku 14, na ukinyimwa unaenda kwenye tume yao ya malalamiko ya wananchi, CAJ. Nikamuuliza kama kaunti yake inazitimiza. Akasema hilo ni swali jingine, akaomba apunguziwe bei ya debe.

Huku Bara ngazi zinakwenda hivi: ukikataliwa na afisa unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, naye akikataa unakwenda kwa Waziri. Hatukukimbilia kuomba mapitio siku hiyohiyo. Barua ya mapitio isiyo na kitu kipya ingerudishiwa jibu lilelile. Tulihitaji vitu viwili: kuthibitisha kwamba hakuna zabuni ya kuficha, na kuthibitisha kwamba hati ya makabidhiano iliwahi kuwepo. Nauli 8,000.

29 Aprili: Njia zilizoishia hewani

Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya mwaka 2022/23 imetoka mwezi huu, na ripoti za serikali za mitaa zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Tumepakua ya mwaka huu na ya mwaka wa ujenzi, tukasoma jioni mbili kwenye simu mpaka macho yakauma. Ni kazi kubwa ya kuheshimika, na anayetaka kujua halmashauri yake ilikusanya nini kwa mashine za POS bila kupeleka benki aanzie huko. Choo cha matundu manane hakifiki kwenye kurasa hizo. Bando 2,000.

NeST nayo tumeifungua, ule mfumo wa ununuzi uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Mradi wetu ni wa kabla yake. Haumo.

Mbunge hatukumwandikia. Kuna waliopendekeza. Mimi nilikataa, kwa sababu barua ya mbunge inakuja na gari, gari linakuja na watu, na karatasi inabaki kabatini.

6 Mei: Daftari la mapokezi

Hapa ndipo kazi ilipogeuka, na sifa zote ziende kwa mweka hazina wetu. Katika mazungumzo ya kawaida tu alikumbuka kwamba choo kilijengwa kwa fosi akaunti. Yaani halmashauri haikumpa kampuni. Fedha zilishuka kijijini, vifaa vikanunuliwa, mafundi wa hapahapa wakalipwa kwa kazi. Kwa utaratibu huo wananchi wanachagua kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Ya mapokezi inahesabu kila kinachoshuka kwenye gari na kusaini. Kama ni hivyo, zabuni iliyofichwa kwa siri haikuwepo, na watu waliosaini bado wako kijijini wanauza samaki.

Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi ni mzee aliyekuwa fundi wa mitumbwi. Tulimkuta chini ya mwembe wake.

"Mwangaluka, bhabha. Tumekuja kuuliza habari za choo."

"Choo? Nilidhani mmekuja kunidai." Akamwita binti yake. "Nenda kwenye sanduku la nguo za mama yako, chini kabisa, kuna kaunta buku la kijani."

Miaka miwili alikuwa amelihifadhi, kwa sababu hakuna aliyemwambia alipeleke wapi. Kila mzigo una tarehe, idadi, jina la dereva na sahihi tatu. Saruji, nondo, mchanga, mabati, mabomba, masinki. Ukurasa wa mwisho una sentensi moja: vifaa vimekamilika, choo kimepokelewa, na saini za mhandisi na za kijiji. Siku yenyewe imeandikwa: 24 Juni 2022. Tumelipiga picha kurasa zote kwa simu, mzee akiwa anafunua mwenyewe. Daftari hatukulichukua, na nashauri asilichukue mtu: likitoka kwenye sanduku lile, kesho litasemwa limeongezwa maneno.

Kwa wanaofuata shajara hii kwa ajili ya darasa, zahanati au kisima cha kijiji chao: kama kilijengwa kwa fosi akaunti, anzeni kwa kamati ya mapokezi. Sisi tulizunguka miezi mitatu kabla ya kufika hatua mia tatu kutoka nyumbani.

13 Mei: Kabrasha, na maji

Taarifa za miradi zinapelekwa kila robo mwaka kwenye vikao vya madiwani, na kila diwani anapewa kabrasha, yaani kitabu cha nyaraka za kikao. Siku hizi madiwani wengi wana vishikwambi, lakini mwaka 2022 kwetu lilikuwa bado la karatasi. Diwani wa viti maalumu aliyeshiriki vikao hivyo ana la robo ya nne ya 2021/22, amelitumia kukandamizia kifuniko cha pipa la maji. Akalikung'uta, tukaketi kwake, tukapata ukurasa wenye jedwali la miradi. Mbele ya mradi wetu, kwenye safu ya hali ya utekelezaji: "Umekamilika na kukabidhiwa kwa Serikali ya Kijiji." Tumerudufu ukurasa huo na jalada la mbele lenye tarehe ya kikao. Shilingi 600, na soda ya diwani 1,000.

Vikao vya baraza lenyewe, kwa taarifa ya asiyejua, viko wazi kwa wananchi. Unaingia, unakaa nyuma, husemi. Nimeingia kimoja, ukiondoa kiti, ni elimu ya bure.

Wiki hii ziwa limefika kwenye ngazi za choo. Mwaka 2020 maji yalivunja rekodi iliyokuwapo tangu 1964, na mwezi huu yamepita hata ya 2020. Vichanja vya kuanikia dagaa vya mbele vyote vimehamishwa. Ofisi ya kijiji nayo imeingiwa na maji kidogo, na makaratasi yametandazwa kwenye benchi kama dagaa. Mtendaji wa sasa alihamia hapa mwaka jana na hakujua kama kuna hati ya choo. Tulimsaidia kuanika. Katika kuanika tukakuta hati ya kukabidhiana ofisi kati yake na mtendaji aliyemtangulia, yenye orodha ya majalada yote aliyoachiwa. Jalada la miradi ya 2021/22 limo kwenye orodha. Kabatini halimo. Mtendaji alishtuka kuliko sisi, maana ni yeye aliyesaini kwamba amelipokea. Ameandika barua kwa mtangulizi wake, na ametugongea muhuri nakala ya orodha.

3 Juni: Maombi ya mapitio

Barua fupi kuliko zote, nusu ukurasa. Inataja namba ya rejesta ya maombi ya Machi na tarehe ya jibu. Halafu mambo mawili. La kwanza: mradi ulitekelezwa kwa fosi akaunti, kwa hiyo hapakuwa na zabuni ya ushindani ambayo siri yake inalindwa. La pili: hati ya makabidhiano ipo, kwa kuwa kabrasha la robo ya nne 2021/22 linasema mradi ulikabidhiwa na daftari la mapokezi lina tarehe 24 Juni 2022. Tukaambatisha picha ya ukurasa wa daftari, ukurasa wa kabrasha na orodha ya majalada. Wapo kikundini waliotaka tuongeze kwamba tutakwenda kwa Waziri, tukaliacha. Anayesoma sheria analijua hilo bila kukumbushwa.

Mama wa masijala aliipokea, akahesabu viambatisho, akasema, "Hii sasa ina miguu." Nauli na kuchapa, 9,500.

19 Juni: Nakala zimetoka

Tumeitwa kwa simu na kijana wa ofisi ya habari, akaniita "dada" na akaomba radhi kwa usumbufu. Jalada la mradi lilikuwa kwa mhandisi muda wote, nakala yao wenyewe. Nimeruhusiwa kulisoma mezani mbele yake, halafu nichague kurasa za kurudufu. Somo dogo la siku: soma lote kabla ya kuchagua. Nilikuwa nimejiandaa kuomba karatasi tatu, nikaondoka na kurasa 23, kwa sababu muhtasari wa mkutano wa kijiji uliochagua kamati ulikuwa humo na sikujua upo.

Ukurasa mmoja shilingi 200, jumla 4,600. Hawapokei taslimu. Ulipe kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu, uonyeshe ujumbe, ndipo mashine ya kurudufu inawashwa. Mtandao ulisumbua, tukasubiri hadi saa nane. Nendeni asubuhi na chaji ya kutosha. Nauli 8,000.

Kimoja walininyima: orodha ya malipo ya mafundi, yenye majina, namba za simu na sahihi zao. Wamesema ni taarifa binafsi. Hapo nakubaliana nao. Nilichohitaji ni jumla ya ufundi, na hiyo imo kwenye muhtasari wa matumizi.

24 Juni: Karatasi zinasema nini

Hati ya makabidhiano ni ukurasa mmoja na nusu. Choo kimekabidhiwa kwa Serikali ya Kijiji. Kijiji kiunde kamati ya watumiaji ya watu saba, wasiopungua watatu wawe wanawake. Ada iingizwe akaunti ya kijiji na itumike kwa usafi, ukarabati na kunyonya shimo. BMU haijatajwa popote. Waliosaini ni mhandisi, mtendaji wa wakati huo na mwenyekiti wa kijiji, huyuhuyu wa leo. Alipoonyeshwa alivaa miwani, akasoma mpaka chini, akasema siku ile walisaini karatasi nyingi na mvua ilikuwa inakuja. Namwamini. Kamati ya watumiaji haijawahi kuundwa, na pengo hilo ndilo alilolijaza kijana anayekusanya ada getini. Aliwekwa na BMU kwa nia njema ili choo kisibaki bila mtu. Hela anampelekea katibu wa BMU, anayo hata daftari lake, na amekubali kulileta.

Mchoro nao umetufumbua. Unaonyesha choo kiko mita 65 kutoka ukingo wa maji, juu kidogo ya mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaka kuachwa wazi kando ya ziwa. Umbali huo ulipimwa maji yakiwa yamerudi nyuma. Leo ukingo wa maji ni ngazi ya kwanza. Aliyechora hakudanganya, ila shimo la mita tatu kwenye mchanga huu lilikuwa linasubiri mwaka kama huu. Kulinyonya tu hakutatosha, na hilo tusingelijua kwa kusutana.

Jambo la saruji naliandika kwa tahadhari. Makadirio yana mifuko 96. Daftari la mapokezi lina 81. Tofauti ya mifuko 15 inaweza kuwa na maelezo mengi: makadirio huwa na ziada, bei ilipanda, au mzigo mmoja uliingia mzee akiwa msibani. Mzee mwenyewe anasema aliwahi kukosa siku. Karatasi inayoweza kumaliza ubishi ni leja ya stoo, pamoja na hati za malipo za duka. Nimewaomba wenzangu wasiliseme jambo hili gulioni mpaka leja ipatikane. Wawili wameshalisema.

15 Julai: Mkutano wa kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kila miezi mitatu, umefanyika Jumamosi. Mtendaji aliisoma hati yote kwa sauti. Kilichofuata ni zogo la nusu saa, kisha watu saba wakachaguliwa, wanne wanawake, mweka hazina wetu akiwa mmoja wao. BMU wamekabidhi daftari la ada na salio lililokuwepo. Ada imebaki 200. Kufuli la upande wa wanawake limefunguliwa kwa matundu mawili yaliyo juu zaidi.

Gari la kunyonya halifiki, barabara ya mwaloni bado iko majini. Dereva anataka 150,000 kwa safari akishapata njia. Kamati imemwandikia mhandisi kuomba ushauri wa kuinua shimo, ikiambatisha mchoro wake mwenyewe.

Nakala za hati zimebandikwa ubao wa kijiji na ubao wa mwalo, na seti moja iko kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kwenye kabati la chuma. Kurudufu 1,300.

16 Julai: Leja

Maombi ya leja ya stoo na hati za malipo ya saruji, mradi uleule, mwaka uleule, yamepelekwa na mtu aliyekuwa na safari zake, tukamchangia 1,000. Matumizi mpaka leo ni shilingi 49,000. Barua imegongwa muhuri na namba ya rejesta imeandikwa juu. Siku 30 zinaisha 15 Agosti.